Pweza na Tundu Lake



Aliyepata kusimama katika pwani ya kusini ya Unguja, Makunduchi au Jambiani, siku za bamvua maji yakiwa yamekupwa mbali, amewaona akina mama wakitembea juu ya mwamba, kila mmoja na chuma chake mkononi, wameinamisha vichwa, wakichungua vijiwe na makombe yaliyorundikana mbele ya vitundu; kwani pweza ana ada ya kutupa nje mabaki ya chakula chake, na kwa mabaki hayo ndipo hujulikana nyumba yake ilipo. Mjuzi wa kazi hii hahangaiki na mkono unaochezacheza nje. Mgeni ndiye aurukiaye mkono ule akauvuta kwa nguvu zake zote hata ukakatika, akarudi nyumbani na kipande kimoja, ilhali pweza mwenyewe amejisokota ndani ya jiwe salama salimini. Na baada ya muda mkono ule huota tena, maana ndivyo Mwenyezi Mungu alivyomwumba mnyama huyo.

Nimeanza na pweza kwa sababu maradhi niliyokusudia kuyazungumza leo yalipewa jina lake tangu zamani sana. Mayunani wa kale, walipoona nyama laini zikichungulia katika tundu za pua za wagonjwa wao, waliziita kwa neno lao lenye maana ya mwenye miguu mingi, neno lile lile walilomwita pweza wa baharini, na kutoka kwao likaenea katika lugha za Ulaya hata likawafikia madaktari wetu wa leo, wasemao polipu. Vitabu vinavyonasibishwa na Hippocrates, tabibu ambaye Waarabu humwita Bukrati, na ambaye aliishi yapata miaka 400 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, vinaeleza namna ya kuzing'oa: sponji hukatwa kwa kadiri ya tundu la pua, ikafungwa nyuzi, nyuzi zikapitishwa puani hata zikatokea kinywani, kisha zikavutwa, na sponji ikapita kwa nguvu ikikokota kila ilichokikuta njiani. Hebu fikiri uchungu wa mgonjwa yule katika zama ambazo hapakuwa na dawa ya ganzi! Na baada ya uchungu wote huo, sponji ilikuwa imevuta mikono ya pweza tu. Tundu lake hawakulijua, nami nawapa udhuru, kwa kuwa tundu lenyewe limefichwa mahali ambapo jicho la binadamu halikufika vizuri ila katika miaka ya karibuni.

Kabla sijaingia huko ndani, yanipasa kusema neno juu ya jina, kwani jina lisilo sawa huweza kumpeleka mgonjwa kwenye tiba isiyokuwa yake. Matabibu wa Kiarabu wa zama za Ibn Sina waliziita nyama hizi bawasiri za pua, kwa kuzifananisha na maradhi mengine tunayoyajua kwa jina hilo hilo katika Kiswahili, na Waarabu wa leo husema lahmiya, yaani kitu cha nyama. Sisi nasi twasema nyama za puani. Taabu ni kwamba jina hili moja tumelibandika juu ya vitu viwili visivyohusiana. Mama akisema kuwa mwanawe wa miaka minne ana nyama za puani, anakoroma usiku na kulala kinywa wazi, aghalabu anakusudia tezi ziitwazo adenoidi, ambazo hazimo puani hata kidogo bali zi nyuma ya pua, juu ya koo, na kila mtoto huzaliwa nazo. Ni walinzi wa mwili dhidi ya maradhi, huvimba utotoni na aghalabu husinyaa zenyewe mtoto anapokaribia kubaleghe. Alizieleza vizuri daktari mmoja wa Copenhagen, Wilhelm Meyer, mwaka 1868. Ama nyama ninazozizungumza mimi leo ni maradhi ya watu wazima zaidi, hasa waliopindukia miaka 40, na wanaume kuliko wanawake. Na huhesabiwa kuwa katika kila watu 100, mmoja hadi wanne wanazo. Mtoto mdogo akionekana na polipu za kweli, pande zote mbili, ni dalili ya kuchunguzwa maradhi mengine ya kurithi yaliyojificha mwilini. Na mtoto mchanga akionekana na uvimbe ndani ya pua, basi nasema haya kwa mkazo wote nilio nao: asiguswe na mtu yeyote asiye daktari bingwa, asichomwe, asikatwe, asivutwe, kwa sababu yamkini uvimbe ule ni sehemu ya utando wa ubongo, au ubongo wenyewe, iliyoshuka kwa kupita katika ufa wa mfupa. Tunao katika nchi zetu mafundi wakatao kimeo cha watoto kwa kisingizio cha kikohozi, na damu iliyomwagika kwa ajili ya kazi hiyo yatosha; mkono wa aina ile usifike puani.

Sasa tuingie ndani. Naomba kila msikilizaji aweke ncha ya kidole chake baina ya kona ya jicho na mwamba wa pua. Nyuma ya kidole hicho, ndani, upande wa kulia na upande wa kushoto, pana mfupa ulioumbwa kama sega la nyuki, vyumba vidogo vidogo, vitatu kwa uchache na hata kumi na vinane kwa wingi kila upande, kuta zake nyembamba mno. Na ukuta unaotenga vyumba hivyo na tundu la jicho ni mwembamba hata matabibu wameuita ukuta wa karatasi. Mfupa huu Mayunani waliufananisha na chekeche, na Waarabu kadhalika huuita mfupa wa ghirbali, ambalo ni chekeche vile vile, kwa kuwa dari yake imetobolewa vitundu vingi ambamo hupita nyuzi za mishipa ya kunusia zikielekea katika ubongo. Nami katika mazungumzo haya nitauita mfupa wa chekeche. Lishikeni jina hilo, maana hapo ndipo pweza wetu anapokaa.

Vyumba vile vya chekeche ni jamii moja katika jamii nne za vyumba vya hewa vilivyomo usoni, ambavyo kwa jumla huitwa sainasi. Wengi wetu husema, "Mimi nina sainasi," kana kwamba ni jina la ugonjwa, na hali sote tunazo, mzima na mgonjwa. Zipo mbili kubwa ndani ya mifupa ya mashavu, na kila moja katika mtu mzima huchukua kiasi cha vijiko vitatu vya chai. Zipo za kipajini, juu ya nyusi, ambazo mtoto mchanga hazaliwi nazo bali huota kadiri akuavyo. Zipo za chekeche nilizokwisha kuzieleza. Na zipo mbili za nyuma kabisa, chini ya ubongo, karibu na mishipa ya macho. Vyote ni vyumba vitupu vyenye hewa, na vyote vimetandikwa ngozi moja, laini, yenye unyevu, ambayo ndiyo hiyo hiyo iliyotandikwa ndani ya pua. Haina mshono wala mpaka baina ya pua na sainasi, kama vile zulia moja lililotandikwa ukumbini likaingia hadi vyumbani. Jambo hili dogo ndilo mzizi wa maneno yangu yote.

Tena ngozi hiyo ina kazi. Juu yake mna vinywele vidogo kuliko malaika ya mtoto mchanga, visivyoonekana ila kwa hadubini, navyo hupigapiga zaidi ya mara kumi katika kila sekunde, vyote kwa mwelekeo mmoja, kama makasia ya mabaharia wanaoitikia wimbo mmoja. Juu ya vinywele hivyo pametandazwa ute mwembamba unaonasa vumbi na vijidudu, na makasia yale huusukuma ute, bila kupumzika mchana wala usiku, hata utando mzima ukabadilika kila baada ya dakika kumi au ishirini, ukatoka katika vyumba, ukaingia puani, ukashuka kooni, tukaumeza pasipo kujua. Ajabu kubwa ni kwamba mlango wa sainasi ya shavu haukuwekwa chini, ambapo fundi mwashi angeweka tundu la kupitishia maji, bali uko juu, karibu na dari, kwa hiyo ute hauna budi kupanda mlima kila siku ya maisha yetu, na hupanda.

Unapotoka, hutokea wapi? Katika ukuta wa ubavuni wa pua mna mapindo matatu ya mfupa uliovikwa ngozi, yamepangwa moja juu ya jingine kama penu tatu zilizotokeza ukutani, na chini ya kila upenu mna kichochoro. Kichochoro cha chini hupokea machozi, na ndiyo sababu aliaye hupenga kamasi. Cha juu hupokea ute wa vyumba vya nyuma vya chekeche. Ama kichochoro cha kati, ambacho ndicho chembamba na chenye kona nyingi, huteremkiwa na sainasi ya kipajini, na ya shavu, na vyumba vyote vya mbele vya chekeche. Yaani nyumba nyingi zimeelekeza makopo ya paa zao katika uchochoro mmoja usiopitisha watu wawili sambamba. Aliyezaliwa Mji Mkongwe au Mji wa Kale wa Mombasa hahitaji kuelezwa mvua ya masika hufanya nini katika uchochoro wa namna hiyo kopo moja likiziba.

Hapo, wasikilizaji wangu, katika kichochoro cha kati, mahali ambapo ngozi ya ukuta huu inakaribia kugusana na ngozi ya ukuta ule, na kando ya vilango vya vyumba vya chekeche, ndipo polipu nyingi huanzia. Hazianzii katika mwamba wa pua, hazianzii mlangoni mwa tundu, wala hazianzii sakafuni. Ngozi ile ikikaa muda mrefu katika uvimbe wa ndani kwa ndani, ambao kwa hukumu ya matabibu ni majuma 12 au zaidi, hulowa maji kama mkate uliotiwa katika maziwa, na kwa kuwa chumba chake ni chembamba na hakina nafasi ya kufura, sehemu iliyolowa hushuka kwa uzito wake, ikapenya mlangoni, ikatokeza kichochoroni, ikarefuka, ikapata shingo na kichwa, hata siku moja ikaonekana katika tundu la pua, na mtu akadhani kuwa imeota pale alipoiona.

Ami yangu, ndugu wa baba, ni mkulima wa karafuu kisiwani Pemba. Msimu mmoja nilifika kwake karafuu zikiwa zimeanikwa majamvini kuanzia barazani hadi njiani, na harufu imejaa kijiji kizima hata huwezi kunywa chai usiisikie ndani ya kikombe; naye alichota konzi moja, akaisogeza puani, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyezibwa, "Mwanangu, hii kwangu mimi ni changarawe." Ilikuwa mwaka wa pili hasikii harufu ya kitu. Mkewe alilalamika kuwa pilau haimpendezi tena na chumvi huongeza mwenyewe mezani. Alilala kinywa wazi. Na fauka ya hayo, alikuwa amepatwa na pumu ukubwani, yeye ambaye utotoni alikuwa mpiga mbizi. Na siku moja aliposhikwa na homa akameza asipirini mbili, haikupita saa moja akawa hapati pumzi, wakambeba hospitali usiku.

Alikuwa amekwisha kuonwa na daktari katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Mara mbili alitolewa nyama kwa kitanzi cha waya, akarejea nyumbani mchana ule ule akipumua kama kijana, bila dawa na bila kupigwa picha ya uso, na mara zote mbili, mwaka haukutimia, zikarudi. Mara ya tatu nilifuatana naye. Daktari alizigusa kwa ncha ya chuma, ami hakushtuka, kwa kuwa nyama hizi hazina hisi ya maumivu, na hii ndiyo alama ya kuzitenga na yale mapindo ya kawaida ya pua, ambayo ni mekundu na ukiyagusa mtu huruka. Kwani wako watu wasiohesabika waliojitazama katika kioo kwa tochi, wakaona pindo la chini ambalo kila mwanadamu ameumbiwa, wakaingiwa na hofu bure. Nilizitazama zile zilizotolewa, zimewekwa katika trei ya chuma. Wakubali au wakatae wanaochukia mfano wa chakula katika habari za maradhi, mimi sikuona chochote duniani kilichofanana nazo kuliko shokishoki lililomenywa: rangi nyeupe yenye ukijivu, nyororo, yenye kung'aa, na nuru ya dirishani ikipenya ndani yake. Hazikuwa na damu ya kutajika. Nilimwuliza daktari zimetoka wapi. Akanijibu, "Puani."

Jibu lile limenikaa moyoni miaka yote hii, kwa kuwa lilikuwa na ukweli wa mtu aliyeuona mkono wa pweza.

Ukweli uliobaki tuliupata Dar es Salaam, kwa daktari mwingine, ambaye aliingiza puani darubini nyembamba kama kalamu, kisha akampeleka ami kupigwa picha ya CT, akatuonyesha katika picha ile vyumba vyote vya chekeche, ambavyo katika mtu asiye mgonjwa huonekana vyeusi kwa kuwa vina hewa, vimejaa kijivu kitupu, kulia na kushoto, na sainasi za mashavu zimeziba kwa sababu milango yake imefungwa na nyama. Akauliza maswali ambayo hakuna aliyeyauliza kabla yake: je, ana pumu? Je, dawa ya maumivu humdhuru? Kwa kuwa mambo haya matatu, yaani polipu, pumu, na kudhurika kwa asipirini na ndugu zake kama ibuprofeni na diklofenaki, yana desturi ya kukutana katika mtu mmoja. Aliyeandika habari zake kwanza ni Fernand Widal, tabibu wa Ufaransa, mwaka 1922, na ni jambo la kusikitisha kwamba baada ya miaka 100 bado mtu huweza kukaribia mauti kwa vidonge viwili vya dukani kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Je, sainasi zilizoziba ndizo huzaa nyama, au nyama ndizo huziba sainasi? Wengi huuliza hivyo, nami naona swali lenyewe limeigawa nyumba ambayo haikugawanyika. Zulia ni moja. Uvimbe ulioanza katika ngozi ya chekeche ni ule ule ulio puani na katika mashavu, na katika watu wenye pumu ndio ule ule ulioteremka hadi katika mirija ya mapafu. Ukiutazama kwa hadubini, aghalabu waona umejaa chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili, askari ambao wameitwa vitani wakakataa kurudi majumbani mwao. Kwa hiyo nyama huziba milango, ute ukalala vyumbani, vijidudu vikapata malisho, uvimbe ukazidi, na uvimbe uliozidi ukalisha nyama. Matabibu wa leo hawayaandiki kama maradhi mawili; huandika uvimbe sugu wa pua na sainasi wenye polipu, jina moja refu.

Iko aina moja inayotoka katika kanuni hii, na haifai niiache. Nayo ni ile ya nyama moja pekee, upande mmoja, kwa watoto na vijana, ambayo shina lake limo ndani ya sainasi ya shavu, ikatoka kwa mlango wa sainasi, na badala ya kuja mbele ikaelekea nyuma, ikaning'inia juu ya koo, wakati mwingine mgonjwa akipanua kinywa huonekana nyuma ya kimeo. Gustav Killian, Mjerumani, aliieleza mwaka 1906. Hii ukiikata shingo ukaliacha shina shavuni, umefanya kazi ya mgeni wa Makunduchi.

Na nikisema upande mmoja, nasimama kidogo. Mtu mzima mwenye uvimbe katika tundu moja tu, hasa ukitoa damu, au ukifuatana na maumivu, au jicho kutokeza, au kuona kitu kimoja kuwa viwili, asiridhike kuambiwa kuwa ni nyama za kawaida mpaka kipande kimepimwa kwa hadubini, maana saratani nayo hukaa katika chekeche. Kule Uingereza, katika mji wa High Wycombe uliosifika kwa viti na samani, madaktari waligundua katika miaka ya 1960 kwamba mafundi waliovuta vumbi la mbao miaka mingi walipatwa na saratani ya mfupa huo kuliko watu wengine. Maseremala wa Keko na wa Lamu nawaomba wafunge vitambaa puani wanaporanda na kupiga msasa.

Turudi kwenye matibabu. Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Kurtuba, katika maqala ya 30 ya kitabu chake cha Tasrif, yapata miaka 1,000 iliyopita, alieleza kumkalisha mgonjwa akielekea jua, pua ikafunguliwa, nyama ikavutwa kwa kulabu na kukatwa. Naye hakujidanganya kuwa amemaliza, bali alieleza na njia ya kupitisha uzi wenye mafundo kutoka puani hadi kooni, ukavutwa huku na huku kama msumeno, ili kuyafikia yaliyobaki juu ambako chombo hakifiki. Alijua kuwa kipo kilichobaki. Baadaye, katika karne ya 19 na ya 20, wapasuaji wa Ulaya na Marekani waliona usaha umejaa katika sainasi za mashavu, wakatoboa dirisha chini, karibu na sakafu, kwa hoja iliyo wazi kwamba maji huteremka. Ikabaki kwa Walter Messerklinger, katika mji wa Graz kule Austria, kuchungua mwendo wa ute wenyewe kwa makini, na alichokiona kilibadilisha fani nzima: ute haukulijali dirisha jipya. Uliendelea kupanda, ukilizunguka tundu la fundi, ukiufuata mlango ule ule wa juu ulioumbiwa. Kwa hiyo ufunguo haukuwa katika shavu. Ulikuwa katika kichochoro cha kati na vyumba vya chekeche vinavyokizunguka, na wakati huo huo darubini nyembamba zenye vioo vya Harold Hopkins, mwanafizikia wa Uingereza, zilikuwa zimepatikana, jicho likaweza kuingia mahali ambapo kwa miaka 2,000 uliingia uzi na sponji. Upasuaji wa leo ni huo: kufungua vyumba vya chekeche kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa kwa sababu jicho li nyuma ya karatasi na ubongo u juu ya dari, milango ikapanuliwa, na ngozi iliyo nzima ikaachwa mahali pake.

Hata hivyo, kufungua vyumba si kuponya zulia. Aliyepasuliwa vizuri kabisa akaacha dawa, yuko katika hatari ya kuona nyama zikirudi, na dawa hiyo ni steroidi ya kutiwa puani, ya matone au ya kupuliza, kila siku, kwa miezi na miaka. Vidonge vya steroidi vya siku chache daktari huvitoa kwa kipimo chake, wala visinunuliwe dukani kwa kukisia, kwa sababu vina madhara katika mifupa, macho na sukari ya damu. Tangu mwaka 2019 iko pia sindano ya dupilumabu iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya kwa maradhi haya, inayowazuia askari wale wasiitwe, lakini bei yake ni kubwa kupita mifuko ya wengi wetu. Maji ya chumvi hayana bei. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, yakapitishwa puani asubuhi na jioni, huondoa ute uliolala na kuiandaa ngozi kupokea dawa. Na watu ambao hupandisha maji puani kila siku katika udhu hawatakiona kitendo hiki kuwa kigeni, ila wakumbuke kwamba maji ya dawa ni lazima yachemshwe. Ama ugoro, tafadhalini. Chafya yake hufungua pua kitambo kidogo na kuichoma ngozi siku nzima.

Nimebakiza jambo moja, nalo ni namna ya kutia matone. Mtu aliyeketi akaelekeza uso juu, akadondoza dawa puani, dawa ile hupita sakafuni mwa pua ikafika kooni, akaionja uchungu wake, na chekeche isipate hata tone. Ili matone yaingie katika kichochoro cha kati, yapasa kichwa kigeuzwe, utosi uelekee chini, magoti na paji la uso vikiwa sakafuni. Na vitabu vya matabibu wa Kizungu vyenyewe, vilipotafuta jina la mkao huu, viliuita mkao wa Makka.

Ami yangu alipoambiwa hivyo hakuhitaji kufundishwa. Sasa ni mwaka wa sita tangu apasuliwe. Kila alfajiri akisha kutoa salamu hubaki juu ya msala wake, akatia matone, akainama dakika mbili. Karafuu anazisikia, siku nyingine kwa uzito na siku nyingine kwa mbali, na katika mfuko wa kanzu yake mna karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwamba mwenye kanzu hii asipewe asipirini.